Kuvu Niliyoipulizia Mchana

Nilikuwa nafanya kazi katika maabara ya kituo kimoja cha utafiti wa mazao, Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kukuza kuvu inayoua utitiri, vile vidudu vidogo kama vumbi vinavyofyonza majani ya mihogo mpaka yanadumaa. Kwenye visahani vya maabara kuvu ile ilikuwa kali. Utitiri ulioigusa ulikauka baada ya siku chache.

Kiangazi kimoja nilitumwa Misungwi, kwenye shamba lililoteremka hadi bondeni, la mama mmoja mjane aliyekubali tufanyie majaribio mihogo yake na asipige dawa yoyote ya dukani. Gari la kituo lilitakiwa kurudi mjini saa tisa, kwa hiyo nilipulizia saa saba mchana, jua likiwa utosini. Nilijua kuvu haistahimili jua kali wala hewa kavu. Nilipulizia hivyo hivyo.

Niliporudi baada ya wiki mbili, ncha za mihogo zilikuwa zimebaki vijiti. Mama alikuwa ameanza kung'oa mistari ya juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dawa yako imeshindwa."

Nilimweleza kwamba ile si dawa, ni kitu hai, na kinahitaji unyevu ili kiote kwenye mwili wa utitiri.

"Kama ni hai, mbona ulikileta saa ambayo hata kuku wangu wanakimbilia kivulini?"

Nilitaka kumweleza habari za gari. Nikaona haisaidii, nikamwambia nimekosea. Aliacha kung'oa.

Safari ya pili ya kupulizia nilikwenda kwa basi, nikaanza jua likizama, nikalala kwa jirani yake. Asubuhi bondeni kulikuwa na umande mzito. Juu, kwenye upepo, umande ulikuwa umeshakauka majanini. Siku ya nane nilikagua kwa lenzi. Bondeni utitiri mwingi ulikuwa umekufa, miili imesinyaa. Juu ulikuwa unatembea.

Mkuu wangu aliposoma ripoti alisema, "Hilo jaribio la saa saba liondoe. Lilikosewa."

Sikuliondoa. Tulikaa wiki nzima bila kusemezana.

Mavuno ya mama yalikuwa nusu ya kawaida. Msimu uliofuata alipanda mihogo bondeni tu. Kule juu alipanda choroko.