Siku Trompeti Ilipompoteza Baba

Bon, acheni niiseme aibu yangu mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa watu wa Muyinga na chumvi juu.

Mnanijua, mi niko fundi cherehani hapa Yoba, mtaa wa Gitega, kwenye mashine ya marehemu baba, na siku za harusi napiga kinanda. Baba alikuwa na wimbo wake mwenyewe, akiupiga mluzi kila asubuhi akifungua duka. Alipofariki, mama akasema Gitega imekuwa kimya mno, akahamia Muyinga kwa ndugu zake pamoja na mdogo wangu Zaituni. Basi Zaituni alipopata mume, mi nikasema: siku ya harusi, mama atausikia tena ule wimbo.

Nikauandika kwenye ordinateri, yaani kompyuta, kwa programu ya noti: sehemu yangu ya kinanda, na sehemu ya trompeti ya rafiki yangu Swedi. Sasa trompeti iko na ujeuri wake, ukiiandikia noti ya do inatoa ile ya si bemoli, iliyo chini yake, kwa hiyo lazima uandike noti moja juu. Mi nilifundishwa kupandisha kwa mkono, nikapandisha. Halafu (ewe, kichwa gani hiki!) nikabonyeza na kitufe cha programu kinachopandisha chenyewe, donc ikapanda mara mbili. Swedi akaniambia, "Kaka, tuujaribu kwanza." Nikakataa, eti nataka mara ya kwanza iwe mbele ya mama!

Siku ya harusi, kule Muyinga, nikashika mikro: "Mama, hii iko ya baba!" Watu wakasogea, hata wapishi wakatoka na miiko yao. Tukaanza. Yarabi toba! Mi huku, Swedi kule, kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Nikadhani ana woga, nikaongeza sauti, naye akapuliza zaidi, watoto wakaziba masikio, mashangazi wakacheka ndani ya mitandio.

"Swedi, unapiga nini?"

"Napiga ulichoandika!"

Mama akanisogelea, kwa upole kabisa. "Mwanangu, hii iko wimbo gani?"

Nilitaka nimpigie mluzi palepale, midomo ikakauka, ikatoka hewa tu.

Nikarudi Gitega, nikasahihisha, nikambembeleza Swedi tukaurekodi, nikamtumia mama kwa simu. Akanipigia analia. "Iko yeye. Iko baba yenu kabisa." Nikafurahi jamani, nikamwambia sasa atausikia kila siku. Mama akasema:

"Tangu harusi, miezi minne, haujakanyaga hapa. Unaona haya ya nini? Baba yako alikwenda, sina la kufanya. Lakini we uko hai, na mi nina hamu na we."

Nilikuwa nimeshika simu nalia kama mtoto.

Naapa sitatoa tena karatasi ya noti bila kuisikiliza. Na Ijumaa nafunga duka mapema, naenda Muyinga, wanaotaka kunicheka wanicheke.