Chuma cha Usukani wa Babu

Juzi nilirudi Mpanda, na fundi aliyekuwa akinikagulia gari akashika usukani, akauchezesha huku na huku, akasema, "Dada, stelingi yako ina pleyi, imelegea." Mwili ulibaki gereji, rafiki yangu, mimi nilikuwa nimeshafika uani kwa bibi, Kasokola, kwenye harufu ya grisi na mihogo ya kuchemsha.

Baba alikuwa mchomeleaji wa mageti, na mwaka ule aliamua kuunda gari kwa mikono yake, la kumpeleka mama yake kanisani mjini. Magoti ya bibi yalikuwa yamekataa pikipiki. Baba akachomelea fremu fupi ya mabomba. Injini na magurudumu akaviokoteza huku na kule. Ukabaki usukani, na wa kufaa ulikuwa mmoja tu: wa pikapu ya marehemu babu, iliyokaa juu ya mawe nyuma ya jiko. Kuku walitagia humo. Mimi ndiye niliyefuata mayai, na kila nikiingia nilikaa kidogo nikaendesha, nikafika Kapalamsenga, nikaliona ziwa, nikarudi na mayai yangu.

Siku ya kumaliza matanga ndugu waligawana koti la babu, redio na majembe. Pikapu bibi aliikatalia. Jioni alikaa mlangoni pa jiko akiitazama. Baba alizungukazunguka na maneno siku nyingi, mwishowe akauomba usukani.

"Chukua, baba," bibi akasema, maana ndivyo alivyomwita mwanawe. "Ila chuma chake usikikate. Kimelainika kwa kuzungushwa na mikono ya mwenzangu."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Chuma kile, kinachotoka kwenye usukani mpaka kwenye boksi lake kule magurudumu ya mbele, kilikuwa kirefu, cha gari lenye pua ndefu. Fundi yeyote angekikata akakiunga upya. Baba alipima, akapima tena, akajikuna kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kwingine: alikiacha kizima, akahamishia kiti cha dereva na pedeli nyuma kabisa. Abiria mbele, dereva nyuma.

Jirani alikuja kutazama, akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani nyie, sasa dereva hapa nani? Si bibi huyu!" Baba akamjibu kwamba mama ni mama, akaendelea kukaza nati.

Jumapili ya kwanza bibi alipanda na kitenge kipya, akakaa mbele peke yake. Mimi nilibanana na baba nyuma. Asubuhi ilinukia majani makavu ya porini, vumbi letu likipanda taratibu nyuma yetu. Bibi alianza kusimulia kitu, lakini shingo yake haikugeuka vizuri, na injini ilimeza maneno. "Eh? Unasemaje, mama?" baba alipaza sauti. Ikawa hivyo kwenda na kurudi.

Tulipofika nyumbani hakushuka. Alitulia, mikono mapajani. Nikadhani ni magoti.

"Baba," akasema, "kikate."

"Lakini mama, si ulisema..."

"Nilisema. Mwenzangu hata nikishika chuma chake haongei tena. Wewe unaongea, halafu sikusikii. Kikate, uje ukae hapa karibu na mimi."

Baba alikata huku analia, yeye ambaye msibani sikuona chozi lake. Alikiunga kwa mshono safi, akarudisha kiti mbele.

Gari lile halipo tena, na wenyewe wameshatangulia. Ninachokitamani si gari. Nazitamani zile Jumapili ambazo kiti cha nyuma kilikuwa changu peke yangu, na wao wawili mbele, bega kwa bega, wakibishana kama mvua itanyesha au haitanyesha. Nililala njia nzima. Nilidhani mazungumzo yale yapo tu, hata kesho nitayakuta.