Cherehani Ilikuwa ya Mama

Mvua za masika zikianza Kariakoo, kinachonuka kwanza si udongo. Hunuka dagaa waliolowa, kabichi zilizokanyagwa, maji ya mfereji uliofurika, na nguo mpya zenye dawa ya kiwandani zinazofunikwa harakaharaka kwa turubai. Nasikia watu wakisema harufu ya mvua huwakumbusha raha za utotoni. Mimi hunitia hasira. Nimekuwa mtu mzima, nina wajukuu wawili, na bado matone ya kwanza yakigonga bati nauma meno, kwa sababu ilikuwa masika kama hiyo, mwaka tuliorudi nyumbani, mama yangu aliponyang'anywa kitu pekee alichokuwa nacho katika nchi hii, tena akanyang'anywa huku watu wakipiga makofi.

Nimesema tuliorudi, na hapo tayari nimeanza kuusema uongo wa Baba. Aliyerudi ni yeye peke yake. Alizaliwa Tunduru, akaondoka kijana kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba, akafika Kitwe, akawa karani wa ghala, akamwoa Mama ambaye ni Mbemba wa hukohuko, wakatuzaa mimi na wadogo zangu wawili. Nilikuwa na miaka tisa. Kwangu mimi nyumbani kulikuwa Kitwe, kwenye baridi ya mwezi wa sita inayopasua midomo na moshi wa mtambo wa shaba unaowasha koo. Lakini Baba alikuwa na redio, na baada ya Azimio redio ile ilimpanda kichwani kama pepo. Kila jioni alitueleza habari za nchi isiyo na bwana wala mtwana, ambako watu hulima pamoja na kula pamoja. Siku moja akauza vitanda, akauza baiskeli, akatutangazia kwamba tunakwenda kulijenga taifa. Mama hakubisha. Aliomba jambo moja tu, kwamba cherehani yake aibebe mwenyewe.

Ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyoanza kufutika, na kifuniko cha mbao chenye kufuli. Aliinunua kwa vitumbua. Miaka mitano alikaa langoni mwa kambi ya wachimbaji na kikaango chake, alfajiri kwa alfajiri, na Baba hakuchangia hata kijiti cha kuwashia moto. Njia nzima, kutoka Kitwe hadi Tunduma na kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam, Mama aliipakata. Utingo mmoja alitaka kuirusha juu ya keria pamoja na magunia. Mama alimtazama tu, yule utingo akatafuta kazi nyingine ya kufanya. Mdogo wangu wa mwisho nilimpakata mimi, maana mapaja ya Mama yalikuwa yameshajaa.

Tulifikia kwa shangazi yangu, dada yake Baba, Mtaa wa Narung'ombe, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Tulipewa chumba kimoja. Kilikuwa kiangazi, na joto la Dar es Salaam lilitushika shingo tangu siku ya kwanza. Wadogo zangu walitoka vipele mwili mzima, nami nikawa nalala sakafuni nimebandika shavu kwenye saruji. Nyumbani ni nyumbani ingawa pangoni, alisema Baba, akijipepea kwa kipande cha boksi. Mama hakujua Kiswahili. Baba alizoea kusema naye Kibemba na kusema nasi Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake. Sokoni, bombani, barazani, nilisimama ubavuni pake nikimnong'oneza: huyu anakusalimu, huyu anauliza umetoka wapi, huyu anakucheka, mwache. Niliona aibu sana. Watoto wa mtaa walituita Wazambia, na kila nilipofungua kinywa kumtafsiria Mama niliwasikia wakiniiga nyuma yangu.

Penye cherehani hakunihitaji. Mwanamke alikuja na kitambaa, Mama akampima kwa vidole na uzi, akamwonyesha kwa mkono urefu wa gauni, wakaelewana. Alishona sare za shule, mashumizi, foronya, na suti moja ya mikono mifupi aliyomshonea Baba, iliyokaa vizuri kuliko za dukani. Waliokuwa na pesa walimpa pesa, wasio nazo walileta unga au sukari. Mpaka mwisho wa kiangazi kile uani hawakukosekana wanawake watatu wanne wanaosubiri, na waliacha kumwita yule mke wa Kizambia wakaanza kumwita Mama Zena, kwa jina langu. Nilimsikia akicheka peke yake huku akizungusha gurudumu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Tunduma.

Ndipo maneno yakaanza. Zama zile neno kupe lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na halikukosa pa kutua. Bombani mwanamke mmoja, ambaye Mama alikuwa amemshonea gauni la harusi ya mdogo wake, alisema kwa sauti ya kusikika: "Mtu kaja na mtambo wake, kakaa kitako, wenzie wanamletea. Si ndiyo ukupe wenyewe huo?" Baba naye alikuwa hana kazi. Palikuwa na nafasi ya ukarani bandarini, lakini ilitakiwa barua ya balozi wa nyumba kumi, na balozi wetu, Mzee Chande, kila siku alimwambia aje Jumatatu. Hakumkatalia. Alimwambia tu, kwa upole wa watu wanaojua wameshika mpini, "Ndugu yangu, kuna watu wananiuliza maswali juu ya nyumba yako."

Masika yakaingia. Jumapili moja, mvua ikiwa imekatika kidogo, Mzee Chande aliitisha mkutano kwenye kiwanja kilicho jirani. Akina mama wa mtaa walikuwa wanaanzisha kikundi cha ushonaji, na kila nyumba iliombwa itoe ilichonacho. Kutoa ni moyo, alitukumbusha, si utajiri. Huyu akatoa benchi, yule akatoa siku tatu za kupiga lipu. Kisha Baba akasimama. Alikuwa amevaa suti ile, ile aliyoshonewa na Mama. Akakohoa, akasema, "Ndugu wananchi, mimi sina shamba, sina ng'ombe. Nina cherehani. Kuanzia leo si yangu tena, ni yetu sote."

Nina cherehani! Nimeyarudia maneno yale kichwani maisha yangu yote. Makofi yalilipuka. Mzee Chande alimshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, watu wakageuka kututazama sisi familia yake, na kwa mara ya kwanza tangu tuje niliona nyuso zinazotutazama bila dhihaka. Mama alinigusa na kiwiko. Aliniuliza kwa Kibemba, "Baba yako anasema nini?" Nilikuwa nimesikia kila neno. Nilijua pia kwamba nikimwambia, atasimama palepale na kupiga kelele kwa lugha yake, mbele ya watoto wote walionicheka. Nikamjibu, "Wanampongeza Baba. Piga vigelegele, Mama." Akapiga. Vigelegele vya Kibemba ni virefu, vinapanda na kukaa juu muda mrefu kabla ya kushuka, na kiwanja kizima kilinyamaza kumsikiliza mama yangu akishangilia kunyang'anywa kwake.

Baba mwenyewe ndiye aliyekuja kuichukua, jioni ileile, akaibeba begani. Mama alisimama mlangoni. Alisema kwa Kiswahili, sentensi ya kwanza nzima niliyomsikia akiitamka, "Hicho changu." Baba alimjibu taratibu, kama mwalimu, "Hapa hakuna changu, Mama Zena. Kuna chetu." Mama akanitazama mimi. Hakuniuliza kitu. Kisha akasogea, Baba akapita. Jumatatu yake barua ilitoka, na baada ya wiki mbili Baba akaanza kazi bandarini. Sisemi kwamba hakuamini alichokuwa akikisema. Aliamini, na mpaka anakufa aliamini. Lakini mtu anayeamini si atoe chake? Redio yake aliibakiza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu walitunyang'anya jembe tulilokuja nalo, na aliyelipokonya ni mwenyeji wetu wenyewe.

Kipupwe kilipofika na upepo ukaanza kuwa mzuri, Mama alipangiwa zamu kwenye kikundi, Alhamisi asubuhi. Alikwenda kupanga foleni kushona kwa cherehani yake. Alhamisi ya kwanza alikuta sindano imevunjika, ya pili alikuta uzi umejisokota ndani na hakuna aliyetia mafuta, ya tatu alikuta mlango umefungwa. Ilisemekana ufunguo uko kwa katibu, katibu akasema uko kwa balozi, balozi akasema kikundi kimesimama kwa muda. Cha wote si cha mtu. Mama hakugombana na yeyote. Alifanya jambo jingine, ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mkubwa: hakuniuliza tena maana ya neno lolote. Kila siku mchana alikwenda kukaa na wauza nyanya sokoni, akakubali kuchekwa, akarudia maneno yao moja baada ya jingine mpaka yakakaa. Nilipomfuata ili nimsaidie aliniambia, "Nenda kacheze." Jioni alikuwa anawaeleza wadogo zangu mambo ya siku yake, nami nakaa pembeni nasikiliza.

Vuli ilikuja na mvua zake za ghafla. Siku moja tulikuwa tunatoka kisimani, yeye na ndoo kichwani, mimi na debe dogo, maana bomba lilikuwa limekauka. Tulipopita chini ya dirisha la Mzee Chande, Mama alisimama. Ndani cherehani ilikuwa inafanya kazi. Zote hulia sawa, ungeniuliza mimi, lakini ile ilikuwa na mahali inapogonga kidogo gurudumu likizunguka, na Mama aliujua mlio ule kama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Mke wa balozi alikuwa anaimba. Mvua ikaanza, na Mama hakuondoka. Alisimama mpaka maji ya mvua yakawa yanaingia ndani ya ndoo ya kisima, nikamvuta nguo, akauondoa mkono wangu, tukaenda. Shangazi alipoambiwa alisema, "Wifi, maji yakimwagika hayazoleki," na nina hakika alidhani anafariji. Kesho yake kabla ya adhana Mama alikuwa uani, anakoroga unga wa mchele. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na alikuwa ameanza vitumbua upya.

Leo nyumba ya Shangazi haipo. Pale pana ghorofa, chini maduka ya simu, juu stoo za mabegi, na barazani mafundi wanashona kwa cherehani za umeme tangu asubuhi hadi jioni. Kila mmoja ana yake, hakuna anayeitwa kupe. Wazee wenzangu hupita hapo wakaguna kwamba dunia imeharibika, watu wamekuwa wachoyo, zamani tulikuwa tunapendana. Wanapokuja kwangu na maneno hayo huwa nawauliza, zamani hiyo wewe ulitoa nini, na kilikuwa cha nani? Wananiona mkorofi. Najua uchoyo wa leo unavyouma, sikatai, nimepanga vyumba vya watu mjini hapa. Lakini siulilii wakati uliofundisha wanaume kuwa wakarimu kwa jasho la wake zao.

Baba alifariki mwaka jana. Kwenye arobaini yake alisimama mzee mmoja wa mtaa wetu wa zamani, akashika kipaza sauti, akasema marehemu alikuwa mzalendo wa kweli, aliyerudi kutoka ughaibuni na kutoa cherehani yake kwa ajili ya wananchi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilitoka upande wa wanawake nikaenda hadi chini ya turubai la wanaume, nikachukua kipaza sauti. "Shikamooni wazee wangu," nilisema. "Ile cherehani haikuwa ya Baba. Ilikuwa ya mama yangu, na hakuna aliyemwomba." Mtu mmoja alikohoa. Msemaji akatangaza kwamba chakula kipo tayari. Nilirudi nikijiona nimelipa kisasi cha maisha yangu.

Mama alikuwa amekaa mkekani, kikongwe wa Kariakoo hasa, ambaye wauza mitumba wa Mchikichini wanamwogopa kwa ulimi wake. Aliwangoja wanawake wengine wasogee kwenye chakula. "Umesema vizuri," aliniambia. "Wamesikia wote. Ila mimi bado hujaniambia." Kisha akaniuliza tena, kwa Kibemba, kwa sauti ya chini kama siku ile, "Baba yako anasema nini?"

Nilikuwa nimemkasirikia Baba kwa miaka zaidi ya arobaini, na hasira ile ilinisitiri vizuri. Nilitazama chini. Nikamjibu kwa Kibemba, "Anasema anaitoa cherehani yako."

Mama akakunja mikono mapajani.

"Basi mwambie sikubali," alisema.