Mkwaruzo Kwenye Misa ya Wafu

Santuri ile niliachiwa na padri mmoja alipohama parokia yetu ya Mbololo: misa ya wafu, kwaya kubwa ya Ulaya, na fidla na tarumbeta zake. Noti za muziki zilizochapishwa hatukuwa nazo. Basi mimi, mwalimu wa kwaya, nilikuwa nasikiliza kipande kidogo, nainua sindano, naandika do-re-mi kwenye daftari, naishusha tena. Kila sauti na daftari lake, na waimbaji wakinakili katika yao. Ndivyo tulivyojifunza kila kitu kule, na nani alilalamika?

Mke wangu alilalamika. Yeye aliimba alto.

"Mwalimu," aliniambia siku moja mazoezini, maana kanisani hakuniita Baba Watoto, "hapa pana kitu kimepungua. Sisi alto tunaruka kama tunavuka mtaro."

Pale santuri ilitoa tik ndogo, kisha soprano wakalipuka. Tik nikaiita vumbi. Ule mlipuko nilikuwa nimeshawaeleza wanakwaya wote: huo ndio ustadi wa mtunzi, kifo hakibishi hodi. Niliyapenda hayo maelezo yangu, weee! Nikamjibu mbele ya watu, "Kati yako na mtunzi, nani anajua muziki?" Besi wakacheka. Yeye akainama, akaandika kitu daftarini mwake, akaimba. Hakulitaja tena maisha yake yote, hata nyumbani.

Tulimzika mwaka juzi. Kwaya ikamwimbia misa hiyohiyo, pamoja na mruko wake.

Sasa nakaa peke yangu hapa Voi. Siku za kazi napambana nazo. Jumapili ndiyo inanimaliza, ile saa ya baada ya chakula, jua limebana mabati na majirani wote wamelala. Hapo naweka santuri na kuifuata alto peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Nikijitahidi naweza kudhani yuko jikoni, anaimba huku anaosha sufuria. Halafu upande wa santuri unaisha na jikoni kuko kimya.

Jumapili iliyopita binti yetu alinitumia misa hiyo kwenye simu, imeimbwa na kwaya nyingine. "Baba, hii ni safi zaidi, haina kelele," akaandika. Nikasikiliza nikiwa tayari kuikosoa. Tukafika mahali pale.

Soprano hawakulipuka. Fidla zilinyamaza, alto wakabaki peke yao, chini kabisa, wakiomba maneno yaleyale mara tatu, kila mara juu kidogo. Waimbaji wa tenor wakawaunga mkono, kisha besi. Ndipo soprano wakapaza sauti, na kumbe hawakuwa wameshtuka hata kidogo. Walikuwa wameombewa njia.

Nilirudia mara nne. Ulikuwa mkwaruzo tu, jamani! Sindano ilikuwa ikiruka, na mimi nikauhubiri mkwaruzo kama Injili. Nilijitukana kwa lugha yetu ya Kidawida, kwa maneno ambayo mwalimu wa kwaya hapaswi kuyajua. Lakini aibu si kitu. Kilichoniuma ni kwamba wa kumwambia "ulikuwa sawa" hayupo. Nilitaka hicho tu: nimwambie, aseme "si nilikuambia", anicheke mpaka jioni.

Nikafungua kabati, nikatoa daftari lake la alto. Nilitaka angalau kipande hicho kikae mahali pake. Nilichukua karatasi na gundi, nikijua nitalazimika kubandika, maana yeye aliandika kwa kubana, hakupenda kupoteza ukurasa.

Gundi sikuitumia. Palepale alto inaporuka alikuwa ameacha mistari mitatu mitupu, na pembeni, kwa penseli, mwandiko wake mdogo: *Mwalimu atajaza.*

Nililia kama mtoto. Kisha nikatafuta penseli, nikaijaza yote mitatu, nikaiimba alto yake kwa sauti yangu hii mbovu ya besi, huku mlango uko wazi.