Sire ya Pavema

Tangu damu ilipomupanda muzee wangu, baba ya watoto wangu, kichwani, upande wake wa kuume ulikufa na mudomo ukapinda. Hilo nilikubali. Lililonishinda ni kijiko. Alianza kukaza meno. Uji, supu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, hata chai, alikataa vyote siku tatu. Alilala tu akiangalia dirishani, na nje ya dirisha kulikuwa gari yake.

Alikuwa shofa maisha yake yote. Aliendesha mapadri, kisha madaktari, kisha akapata hii yake nyeupe, akawa anabeba watu Kalehe na kurudi. Majina yao wote ninayo kichwani, hata ya wale waliotapika ndani. Kila siku ya posho, Jumamosi, akisha kula, aliiosha hapa kwetu Nguba, akangoja kivuli, akaipaka sire, ile nta ya kung'arisha, kwa kitambaa laini, kidogo kidogo, sawa mutu anayemupaka mutoto mafuta. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumusaidia, hata mimi.

Sasa ilikuwa imejaa vumbi na majani ya mwavoka. Nikajiambia: akiiona inang'aa, atafungua mudomo. Sikuwa na wazo lingine.

Kopo lake la sire lilikuwa limekauka. Nikapanda mpaka soko ya Kadutu. Mama mumoja mwenye meza ya sabuni akaniita sawa mutu anayeita bibi yake:

"Koko, uko natafuta nini?"

"Sire."

"Ya rouge, ile nyekundu, ao ya bila rangi?"

"Bila rangi."

"Eeh, koko bado anapenda kung'aa!"

Nikacheka naye. Nilipata haya kusema ni ya gari, angeniuliza kama nimekuwa shofa kwa uzee huu. Juu ya kopo kulikuwa maandishi, lakini shule yangu iliishia mwaka wa pili, na ile ilikuwa Kifaransa. Sikujua kwamba amenipa sire ya pavema, ile tunayopaka sakafu ya simiti.

Kesho yake asubuhi nikaosha gari, nikaanza kupaka. Sire ilikuwa ngumu, haitembei. Dawa yake kila mwanamuke wa Bukavu anaijua: nikaimwagia petroli ya taa, nikakoroga. Nikasugua kapo lote, kile kifuniko cha injini, kwa nguvu ya mabega.

Jirani akachungulia juu ya lupango. "Maman! Uko nasugua gari ao uko natwanga sombe?"

"Twanga zako, uniachie zangu!"

Nilipogeuka, muzee alikuwa ameinua kichwa kwenye muto. Aliniangalia. Nikasikia mwili wangu kuwa mwepesi.

Kisha jua likatoka. Sire ikalainika, ikanata. Lori ikapita barabarani, na vumbi lake lote likaja kukaa juu ya kapo. Nikapangusa, rangi nyeupe ikaja na kitambaa. Ilikuwa rangi aliyoipaka yeye mwenyewe kufunika kutu, na petroli iliila. Badala ya kuacha, nikasugua zaidi. Chuma kikaonekana, kipana sawa sahani.

Nikaingia ndani na mikono inayonuka. Akavuta hewa puani. Mudomo uliopinda ukahangaika, na kwa mara ya kwanza tangu alale pale, neno likatoka:

"Pa... ve... ma."

Alijua kwa harufu tu. Mimi nikafurahi sawa mujinga.

"Ndiyo, papa, nilikosa! Nigombeze! Amuka unigombeze!"

Nikakimbia kuleta uji, nikaweka kijiko mudomoni. Machozi yakatoka kwa lile jicho lililo zima. Akakaza meno. Akageuza uso kwenye ukuta, yeye ambaye kugeuka kwenyewe kulitaka watu wawili.

Nilikaa pale mpaka uji ukashika ngozi. Sikumubembeleza tena. Nilikuwa nimemuonyesha namna vitu vyake vitaharibika, na yeye yuko hai, anatazama.

Watoto wangu wananiambia, "Mama, ulifanya kwa mapendo." Wao hawakuona uso ule.

Aliishi siku ine zingine. Siku ileile ya sire nilivuta pazia asione tena nje, na hakunionyesha kwa mukono wala kwa jicho kwamba anataka nifungue.