Taa Nyekundu ya Fundi Waya

Fundi Waya alikuwa bingwa wa kuzima taa. Si taa za nyumbani, ni zile ndogo zinazowaka kwenye dashibodi kumwambia dereva kuna jambo. Gari likiletwa taa ya injini inawaka, mafundi wengine walikimbilia injini. Yeye alifungua sensa, kile kipimo kinachoiamuru taa iwake, akaisugua kwa spiriti, akachomoa waya wa betri, akapiga stori kidogo, akaurudisha. Taa kimya. "Injini haina neno," alisema akijifuta mikono. "Sensa ndiyo mwongo." Na mara nyingi alikuwa sahihi, hilo tusimnyime. Balaa lilianzia hapo hapo.

Mchana mmoja muuguzi wa zahanati ya jirani alifika gereji na mkoba begani. Alikuwa amechoka kusubiri wanaume ambao hawaji mpaka wabebwe. Akatoa kidude kinachoenea kiganjani, akawaeleza: unakojoa kwenye kikombe, unachovya kijiti, unakichomeka kwenye kidude, unangoja. Kijani, endelea na kazi zako. Nyekundu haina maana kwamba tayari una saratani ya tezi dume, ila uje hospitali upimwe zaidi, mapema, wakati bado inatibika.

"Dada, na oili tukiichovya kitasema nini?" mmoja akauliza, gereji nzima ikaangua kicheko. Muuguzi naye akacheka. Alishawazoea watu wazima wenye akili za kitoto.

Fundi Waya alikichukua wa kwanza. Ushujaa wapi! Mkewe alikuwa amemkalia kooni. Kila usiku mume anaamka na kuamka, anasimama chooni weee, kinachotoka ni matone. Tena baba yake Fundi Waya alikufa kwa saratani hiyo hiyo, na ukoo mzima ukajifanya ni mgongo tu.

Asubuhi akajifungia bafuni. Taa ikawaka nyekundu.

Aliogopa. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kisha mikono ikafanya ilichozoea. Akachukua bisibisi ndogo, akakifungua kidude, akasugua ndani, akachomoa betri, akairudisha. Akanywa jagi zima la maji, akangoja, akachovya kijiti cha akiba. Kijani. Akatoka bafuni anapiga mluzi.

"Vipi?" mkewe akauliza.

"Safi. Kilikuwa na uchafu tu."

Mkewe akamshukuru Mungu pale pale, mwiko mkononi.

Gerejini alisimulia kama mtu aliyemkamata tapeli. Mdogo wake, fundi rangi, ndiye aliyekuwa akifuata kupima.

"Kwa hiyo hakifai, kaka?"

"Hakifai. Usijitie presha ya bure."

Mdogo mtu alimwamini tangu utoto. Muuguzi alipopita tena, alimrudishia bila hata kukiwasha, na wengine wakafuata mkumbo, wakakataa kupima. Muuguzi akakigeuza, akauliza nani amelegeza skrubu. Mafundi wakarudi kwenye magari yao. Akafunga mkoba wake akaenda zake, na mimi hata kusimulia inaniuma.

Maumivu ya kiuno yalikuja taratibu. Fundi Waya akasema ni kulala chini ya magari. Akameza vidonge, akabadilisha godoro. Siku mguu mmoja ulipogoma kumbeba, mdogo wake ndiye aliyemweka mgongoni hadi hospitali. Daktari hakuzungukazunguka. Ugonjwa ulishaingia kwenye mifupa. Wangemtuliza maumivu, wangeupunguza kasi, lakini kuuondoa, hapana.

"Hukuwahi kupimwa?" daktari akamuuliza.

Mgonjwa akatazama ukuta. Mkewe akajibia, "Alipimwa, daktari. Ilikuwa kijani."

Alilisema hilo kwa imani yote, na hiyo imani ndiyo iliyomfanya mumewe ashindwe kuendelea kuficha.

"Ilikuwa nyekundu, mama watoto," akasema. "Niliizima mimi."

 Mkewe aliweka kikapu chini, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo. Afadhali angemtukana. Fundi Waya akamgeukia mdogo wake, akamwambia aende kwa yule muuguzi akapime, asilale hajaenda.

Kesho yake mdogo mtu akarudi wodini na kidude ndani ya mfuko wa shati. Akakitoa. Kilikuwa kinawaka nyekundu.

"Hebu kiangalie, kaka," akasema. "Labda ni sensa."

Mkono wa Fundi Waya ukaanza kunyanyuka wenyewe. Akaurudisha, akauficha chini ya shuka.

"Umekifungua?"

"Sijakigusa."

"Basi usikiguse. Mpelekee daktari hivyo hivyo kinavyowaka. Wewe bado una muda."

Mkewe, ambaye hakuwa amemsemesha tangu jana, akasimama. Akamshika shemeji yake mkono, wakatoka wote wawili kumtafuta daktari, wakamwacha peke yake kitandani.