Boksi la Jogoo na Boksi la Kule

Juzi mjukuu wangu wa kike alinipeleka dukani Mwanjelwa, moja ya yale maduka ambayo unajichukulia vitu mwenyewe. Akasimama mbele ya rafu ya unga, akanishikisha pakiti mbili. "Bibi, kesho tunakunywa chai na pankeki. Tuchukue hii au hii?" Moja ilikuwa na picha ya asali inayomwagika, nyingine picha ya mtoto anayecheka. Nikazipima mikononi, na badala ya kutazama bei nikashikwa na wivu. Usinicheke, rafiki yangu. Wivu kweli, katikati ya watu wanaonunua sabuni na mafuta ya kula. Mtu mzima na mvi zangu, namwonea wivu msichana mdogo aliyeshuka kwenye lori la baba yangu miaka ya hamsini. Mwishowe tulichukua pakiti zote mbili, maana nilishindwa kuchagua.

Baba alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa hapa Mbeya, akipeleka na kuleta mizigo kati ya hapa na Iringa. Barabara ilikuwa vumbi tupu kiangazi na tope tupu masika, kwa hiyo siku ya kurudi kwake haikujulikana. Ilibidi usikilize. Tungekuwa tumekaa jikoni jioni, baridi ya Juni imetubana, mara tunasikia lori linabadilisha gia mlimani, na mama anachochea moto kabla hajajua kama ni lenyewe. Likiwa lenyewe, mimi nilikuwa nimeshafika barabarani. Baba alinuka petroli na vitunguu. Aliniinua juu akaniuliza, "Mama, hujambo? Umenilindia nyumba?"

Mama huyo nilikuwa mimi. Nilipewa jina la mama yake mzazi, bibi yangu wa Kilwa, ambaye alifariki baba akiwa njiani na mzigo, hata mazishi hakuyawahi. Kwetu mtoto aliyerithi jina la bibi, baba yake humwita mama. Mkewe, mama yangu, baba alimwita "mwenzangu", na lile neno lingine likabaki langu. "Mama, niletee viatu." "Mama, kaa hapa karibu na mimi." Watoto wengine mtaani walikuwa na wanasesere wa matambara, mmoja alikuwa na mbuzi kabisa. Mimi nilikuwa na neno hilo, na nililiringia.

Siku ambazo baba yuko nyumbani, mama alipika chapati za maji kwa chai ya asubuhi. Unga wa ngano, yai, sukari, iliki ya kutwanga. Alimimina rojo kwa upawa, akazungusha kikaango, kingo zikaanza kukauka na kulia ndani ya samli. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda karibu yake, moshi machoni, nikingoja ile ya kwanza iliyochanika. Baba alikula kimya, anazikunja na kuzichovya kwenye chai. Mpaka asubuhi moja akasema, bila ubaya wowote, mdomo umejaa, "Kule siku hizi wanapika za boksi. Nene namna hii, laini." Akatuonyesha unene kwa vidole.

Upawa wa mama ulisimama hewani. Kule kulikuwa Iringa, kwa mke wa pili wa baba. Mama hakuwahi kuutaja mji huo kwa jina lake, ungedhani daktari amemkataza kusema "Iringa". Mimi nilijua kwamba kule kuna mama mdogo, kama nilivyojua kwamba kuna Nairobi, na zaidi ya hapo sikuambiwa kitu. Mama aligeuza chapati yake, akasema taratibu, "Za boksi. Haya." Nilimjua mama. Hiyo "haya" yake haikuwa ya amani.

Baba alipoondoka tu, tukateremka dukani kwa Mhindi. Mama akauliza unga wa boksi, ule wa chapati nene. Mwenye duka akapanda ngazi akashusha boksi lenye picha ya jogoo mwekundu, lililokuja kutoka Rodeshia, akamweleza: tia maziwa, tia yai, koroga, pika. Mama aliitikia kwa heshima bila kusikiliza. Nani wa kumfundisha yeye kukoroga rojo? Alitia hamira kama alivyolelewa, akafunika bakuli kwa kanga, akaliweka kwenye kigoda karibu na majivu ya moto lisishikwe na baridi. Hakujua kwamba dawa ya kuumua ilishatiwa humo ndani huko huko kiwandani. Asubuhi tulikuta rojo limeinua kanga, limevuka ukingo wa bakuli, na limeteremka mpaka mguu wa kigoda. Mama aliliangalia kwa muda. "Huyu jogoo ana kiburi," akasema, akaenda kuchukua tambara.

Mara ya pili aliacha hamira. Lakini jirani yetu, mama mmoja wa Kinyakyusa aliyetuuzia maziwa, siku hiyo hakuwa na mabichi. "Leo kuna mgando tu, dada," alisema akitikisa kibuyu. Mama alinuna, kisha akamimina mgando hivyo hivyo kwa sababu baba alikuwa anatarajiwa. Mwee, ungeona! Rojo lilifanya mapovu, na zile chapati zilivimba kwenye kikaango mpaka jirani akacheka peke yake. Baba alikula nyingi sana. Akasema, "Hizi zimezidi." Siku nzima mama alikuwa anaimba akifua nguo, na mimi nikaimba naye, maana tulikuwa tumeshinda.

Baba naye, Mungu amrehemu, alikuwa hajui kunyamaza. Safari iliyofuata alirudi na boksi la kule, lenye picha ya mwanamke wa Kizungu aliyevaa aproni, limebaki nusu, pamoja na chupa ya asali ya Idodi. "Mdogo wako anakusalimia," akamwambia mama. "Anasema mlinganishe. Hilo usitie maziwa wala yai, tia maji tu, vingine vyote vimo."

"Mayai yamo?" Mama aliligeuza boksi huku na huku. "Ya kuku gani? Kuku hatumjui, yai hatulioni!"

Mimi sikuwa natazama mayai. Nilitazama utepe uliofungia mdomo wa boksi, utepe mwekundu wa kufungia nywele za mtoto. Baba alipotoka nikauliza, "Kule kuna msichana?" Mama akajibu, "Kule kuna watu," akanituma kuni.

Tuliyalinganisha kweli, mama, jirani na mimi, sahani mbili kati yetu na milango imefungwa utafikiri tunafanya uganga. Za jogoo zilikuwa nzito, zina uchachu kidogo wa mgando, zinakunywa samli vizuri. Za kule zilikuwa nyepesi, tamu, zinanukia kitu ambacho sijui ni nini mpaka leo. Mama alitafuna polepole. "Si mbaya," akasema, halafu akaongeza haraka, "ila hazishibishi." Jirani akafuta mdomo. "Mwee! Mimi naona zote ni chapati za maji zilizonenepa." Nilizipenda zaidi za kule. Ziliniingia mpaka rohoni, na nilikasirika kwa kuzipenda, nikazila na asali yao huku nimenuna.

Idi ilipofika, lori lilirudi likiwa na watu. Mama mdogo alishuka kwanza, mwanamke mwembamba wa Kihehe mwenye sauti ya chini, akampigia mama goti, akamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, dada." Mama akampokea kama inavyotakiwa, akamshika mikono yote miwili. Ndani ya lori, kwenye kiti cha mbele, kiti changu mimi ninachopandishwa kuzungushwa mtaani, alikuwa amekaa msichana wa kimo changu, ana utepe mwekundu. Baba akamnyooshea mikono. "Haya, shuka, Mama."

Nilidhani nimesikia vibaya. Halafu akasema tena, "Mama, msalimie dada yako."

Kumbe na yeye alipewa jina la bibi wa Kilwa. Alikuwa mdogo kwangu kwa miezi michache, na baba aliwapa mabinti zake wawili jina moja, mmoja huku, mmoja kule. Mama alijua siku zote. "Huyo ni somo yako," akanong'ona, akinisukuma mbele. "Mpe mkono." Nilimpa mkono. Ningekuwa na uwezo ningempa na kofi. Si kwa utepe wake, wala kwa kiti. Nilitaka kumuuliza neno langu amelipata wapi.

Asubuhi ya Idi wanaume walipokuwa wanatoka kuswali, majiko mawili yaliwashwa uani. Kila mama na boksi lake. Hawakugombana, hapana, waliongea kwa adabu mpaka inatisha. "Dada, samli hiyo inakutosha?" "Inanitosha, mdogo wangu, chukua na wewe." Kila mmoja alikuwa anachungulia kikaango cha mwenzake. Walipomaliza, mimi nilikabidhiwa sahani ya mama na somo yangu sahani ya mama yake, na tukasimama mlangoni. Baba alikuwa amekaa mkekani na kanzu yake nyeupe, birika mbele yake. Hakuinua macho. Alisema tu, kwa furaha, "Mama, lete."

Tukaenda wote wawili. Tukasimama mbele yake bega kwa bega, sahani zimenyooshwa, kila mmoja akijua ameitwa yeye. Mama zetu na jirani waliacha majiko uani, wakaja kusimama nyuma yetu. Mimi sikumtazama baba usoni, nilitazama mkono wake, utakwenda wapi. Nilikuwa naomba Mungu, kweli kabisa, siku ya Idi, amnyime mwenzangu.

Mkono haukwenda popote. Baba aliinua macho, akatuona, akawaona na wake zake nyuma yetu, na nikaona jasho kwenye paji lake asubuhi ile ya baridi. Akajikohoza. "Mkubwa, weka wewe kwanza," akaniambia. "Mdogo, fuata." Akachukua moja ya jogoo, akaibandika juu yake moja ya kule, akamwaga asali, akazila pamoja. "Sasa hii," akasema, "ndiyo chapati."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Na utaniamini? Wake za baba pia walicheka. Mchana mama mdogo alikuwa anaelezwa habari za mgando, mama anaelezwa kwamba rojo la boksi huachwa lipumzike kidogo kabla ya kumimina. Jioni walichanganya unga uliobaki katika bakuli moja, na nakwambia ukweli, sijala tena kitu kitamu hivyo. Mpaka wanazeeka walikuwa wanatumiana vitu kwa lori, asali kuja huku, mchele wa Ubaruku kwenda kule, na mama alikuwa anasema "Iringa" bila taabu.

Sisi wasichana hatukucheka. Sahani yangu ilitangulia, mama aliniangalia kwa fahari, na mimi nikaenda kulia nyuma ya choo, kwa sababu nilikuwa nimeitwa Mkubwa. Nilidhani ni ya siku moja. Lakini wageni waliondoka, na baba akarudi safari baada ya safari, na bado alinuka petroli na vitunguu, na bado aliniinua. "Mkubwa, hujambo?" Nilisubiri. Nilimletea viatu kabla hajaomba. Neno langu halikurudi, na nilijua lilipo. Lilikuwa Iringa, ambako hakuna wa kulichanganya, ambako msichana mwenye utepe analisikia kila lori likifika. Nilimwonea wivu nikiwa shuleni, nikamwonea wivu nikiwa bibi harusi, alipokuja kunipamba nikamwambia ananivuta nywele.

Baba alifariki akiwa kule, mzee wa kutosha. Tulipokutana huko Iringa kwa arobaini yake, mimi na somo yangu tulikuwa tunachambua mchele kwenye ungo mmoja, wanawake watu wazima tayari, na nikaona nisipouliza nitakufa nalo. "Alikuwa anakuita Mama mpaka mwisho?"

Alisimamisha mikono. "Mimi? Mimi nilikuwa Mdogo. Tangu Idi ile ya kwenu." Akanitazama vizuri. "Si ulibaki nalo wewe?"

"Mimi nilikuwa Mkubwa."

"Kule Mbeya pia?"

"Kule Mbeya pia."

Akarudisha mikono kwenye mchele, akasema, "Nilikuwa nakuchukia, dada, ujue." Nikamwambia najua, na mimi pia. Tulianza kucheka, msibani, hadi mama mdogo akatukemea kutoka chumbani.

Duka la Mhindi lilishafungwa, jogoo na mwanamke wa aproni sijawaona tena, na siku hizi pakiti za unga ni nyingi mpaka zinachosha macho. Hayo yamepita, nayakubali. Ninalolala nalo ni baba. Alimkosa mama yake akiwa barabarani, akawapa mabinti wawili jina lake ili apate wa kumwita. Asubuhi moja tukamkodolea macho, sahani mikononi, na tangu hapo, miaka yote aliyobaki nayo, hakumwita mtu yeyote mama.